Mama Mjamzito, Mazoezi na Ndoo ya Maji



Mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo akina mama wa jumuiya zetu ndogo ndogo huulizana wao kwa wao, mara nyingi kwa sauti ya chini: je, mama mjamzito afanye mazoezi, au akae apumzike mpaka siku yake ifike?

Mitaani kwetu swali hili lina majibu mawili, na yote mawili hutolewa kwa nia njema. Mama mkwe aliyekuja kutoka kijijini kumwangalia mkwewe husema, "Usikaekae mwanangu, utakuwa mvivu wa kuzaa. Sisi tulilima mpaka siku ya uchungu." Jirani wa chumba cha pili naye husema, "Usitembeetembee, mimba itatoka." Mama wa mimba ya kwanza yumo katikati yao na hajui amsikilize nani. Mwisho wake huwafuata wote wawili kwa zamu: asubuhi anabeba ndoo, mchana anakaa bila kuinuka.

Hebu tumtazame mama huyo kwa siku moja. Tuseme anaishi Chamazi au Mbagala, ama upande wa pili wa jiji huko Bunju na Mabwepande, katika mtaa ambako nyumba zilitangulia na bomba la maji likachelewa. Alfajiri anakwenda kisimani au kwa jirani anayeuza maji, anarudi na ndoo kichwani. Anafagia uwanja akiwa ameinama na ufagio mfupi. Anafua. Ikifika saa 3 anaingia gengeni kwake, na hapo anakaa juu ya kigoda mpaka jua linazama, akiinuka tu kumpimia mteja nyanya. Usiku miguu imevimba, kiuno kinauma, naye anasema, "Mazoezi ya nini tena? Mimi kutwa niko mazoezini."

Hapo ndipo tunapotaka kusema wazi: kazi nzito siyo mazoezi. Zoezi ni mwendo wa mwili unaoupangia kiasi wewe mwenyewe. Unaanza polepole, unapunguza unapochoka, na ukimaliza unajisikia mchangamfu kuliko ulivyoanza. Mzigo haukuulizi kama umechoka. Ndoo ikishakuwa njiani lazima ifike nyumbani. Ndiyo sababu mama anaweza kuchoka kupita kiasi kila siku na bado akakosa faida zote za mazoezi.

Mwili unavyobadilika

Katika ujauzito damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na moyo wake hufanya kazi zaidi hata akiwa amelala. Homoni za mimba hulegeza kano za nyonga ili mtoto apate njia, lakini hulegeza na viungo vingine pia. Tumbo linapokua, uzito huhamia mbele na mgongo huvutwa kupinda. Mama aliyezoea kuvuka mtaro bila kufikiri sasa anajikwaa, naye hushangaa kwa nini.

Sasa mwongezee mama huyo ndoo. Ndoo kubwa hubeba lita 20, maana yake ni kilo 20 za maji tupu. Kuinua uzito huo kutoka chini hadi kichwani huchosha mgongo uliokwisha kuvutwa na tumbo, na njia yenyewe ni ya mchanga au, wakati wa masika, ya utelezi. Mjamzito akianguka na kujigonga tumbo, kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati wake, jambo linalohatarisha uhai wa mama na wa mtoto kwa pamoja. Hatusemi kwamba kila anayebeba ndoo ataharibikiwa. Tungekuwa waongo, na bibi zetu wangetucheka. Tunachosema ni kwamba hatari hiyo haina faida yoyote ya kuifidia, na ndoo hiyo inaweza kubebwa na mtu mwingine. Pale ambapo kweli hakuna mwingine, heri mama achote kidogo kidogo kwa vindoo viwili vidogo, kimoja kila mkono, akiinua kwa kukunja magoti na siyo kwa kupinda mgongo. Na ule ufagio mfupi, fungeni mpini mrefu. Ni kazi ya dakika tano kwa baba mwenye msumari na kamba.

Kusimama muda mrefu nako kuna taabu yake. Mama lishe aliyesimama mbele ya moto, au dada wa kiwandani aliyesimama kwenye mashine, damu yake hujikusanya miguuni na kichwa hupata kidogo. Ndipo kizunguzungu huja. Mambo hayo hayo hutokea kanisani, Misa ikiwa ndefu na watu wamejaa mpaka nje. Mama mjamzito akiona giza linamjia machoni, aketi mara moja, hata kama wenzake wote wamesimama au wamepiga magoti. Mungu hatamhesabia kosa, na walio karibu naye wampishe nafasi kwenye benchi bila kumtolea macho.

Je, kutembea kunatoa mimba?

Yule jirani anayesema "usitembee" tusimcheke sana, maana hata madaktari walipata kuwa waoga. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilishauri kwamba mjamzito anapofanya mazoezi, moyo wake usipige zaidi ya mara 140 kwa dakika, wala zoezi la nguvu lisizidi dakika 15. Mwaka 1994 chama hicho hicho kiliondoa vipimo hivyo, kwa kuwa havikuwa na msingi wa kutosha. Na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mjamzito asiye na tatizo linalomzuia apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Ukigawanya, ni nusu saa kwa siku tano.

Faida zake zinajulikana. Mazoezi hayo hupunguza uwezekano wa mama kupata kisukari cha mimba na shinikizo la damu la mimba, humzuia asiongezeke uzito kupita kiasi, husaidia usingizi na choo, na hupunguza maumivu ya mgongo.

Kuhusu mimba kutoka, ni vizuri familia zote zielewe jambo hili. Mimba nyingi zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza hutoka kwa sababu ya kasoro iliyokuwamo tangu mimba ilipotungwa. Mama hakuisababisha kwa kutembea kwenda Misa, wala kwa kupanda ngazi. Tunaliandika hili kwa sababu wako akina mama katika parokia zetu waliopoteza mtoto na kisha wakabebeshwa lawama na ukoo wa mume, juu ya msiba waliokuwa nao tayari. Hiyo ni dhuluma.

Rozari moja ya kutembea

Zoezi lililo bora kwa mama wa kwetu ni kutembea, kwa sababu halihitaji fedha, wala uwanja, wala mavazi mapya. Atembee asubuhi kabla ya saa 2 au jioni baada ya saa 11, jua likiwa limepoa, hasa katika miezi ya Desemba hadi Machi ambapo joto la Dar es Salaam ni kali. Anywe maji kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Avae viatu vya chini vyenye kamba nyuma au raba, na si ndala zinazochomoka. Achague njia isiyo na magari mengi. Pembeni mwa Barabara ya Kilwa au ile ya Bagamoyo, kati ya bodaboda na daladala, si mahali pa kufanyia mazoezi. Uwanja wa parokia au wa shule unatosha kabisa, hata kama ni kuuzunguka tu.

Wengi hutaka kujua watatambuaje kiasi kinachofaa bila saa wala mashine. Tuna njia rahisi. Sali Salamu Maria kwa sauti huku ukitembea. Kama unaimaliza bila kukatisha ili uvute pumzi, kasi yako ni salama. Kama unaweza hata kuimba wimbo mzima wa kuingilia, basi unatembea polepole mno, ongeza kidogo. Na kama pumzi inakatika katikati ya sala, punguza. Kuhusu muda, Rozari ya matendo matano huchukua kama dakika 20. Mama ambaye hakuwa na mazoea ya mazoezi aanze na matendo mawili tu, akae, na wiki inayofuata aongeze. Baada ya majuma machache atashangaa kwamba anazunguka uwanja Rozari nzima na litania juu yake.

Kwa yule wa gengeni, na fundi cherehani pia, tunaongeza hivi: kila baada ya kuhudumia wateja kadhaa, inuka, zunguka meza, nyoosha mgongo. Ukiwa umekaa, zungusha vifundo vya miguu, inua visigino na vidole kwa zamu. Mwendo huo husukuma damu irudi juu na kupunguza uvimbe.

Nyumbani, juu ya mkeka, kuna zoezi la mgongo ambalo wengi hulipenda. Piga magoti, weka viganja chini kama mtu anayepiga deki, kisha nyanyua mgongo ujipinde juu kama paka, uushushe taratibu mpaka unyooke, rudia mara nane au kumi. Liko na zoezi la misuli ya chini, ile inayoshikilia kibofu na kizazi. Ikaze kana kwamba unazuia haja ndogo, hesabu mpaka tano, iachie. Rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Hakuna atakayejua unafanya nini, hata ukiwa ndani ya daladala. Zoezi hili huwasaidia akina mama wasivujwe na mkojo wanapokohoa au kucheka, tatizo ambalo wengi hulivumilia kwa miaka wakidhani ni fungu la kila aliyezaa.

Mimba ikishapita miezi minne, mama asifanye mazoezi akiwa amelala chali, kwa maana kizazi chenye uzito hugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kwa kulala, ubavu wa kushoto ni mzuri. Michezo ya kuruka, kusukumana na kupigwa na mpira aiache kwa sasa. Safari za bodaboda kwenye njia za mashimo nazo tungependa azipunguze, ingawa tunajua kwamba katika mitaa mingine hakuna usafiri mwingine.

Wasiopaswa kuanza kabla ya kuona daktari

Haya yote tuliyosema ni kwa mama ambaye amekwisha kwenda kliniki na kupimwa. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua 8, la kwanza likiwa kabla ya wiki ya 12. Wengi wetu bado tunangoja tumbo lionekane, na hilo ni kosa. Ukifika kliniki, iwe ni zahanati ya mtaa au hospitali kama Temeke na Mwananyamala, mwulize muuguzi waziwazi: "Je, naruhusiwa kufanya mazoezi?" Yeye ataangalia kadi yako.

Mama mwenye shinikizo la damu la mimba, aliyetokwa na damu, ambaye kondo la nyuma limekaa chini na kufunika mlango wa kizazi, aliyeshonwa mlango wa kizazi, ambaye chupa imevunjika, mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, au aliyewahi kupata uchungu kabla ya wakati, huyo asianze zoezi lolote kwa kusoma ukurasa huu. Mwenye mapacha naye apate kwanza ushauri wake mwenyewe.

Upungufu wa damu tunautaja peke yake, kwa sababu umeenea kwetu. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa nchini walikuwa nao. Wingi wa damu ukiwa chini ya 11, mama ana upungufu. Ukiwa chini ya 7, ni hatari kubwa, na mama huyo anahitaji matibabu kabla hajafikiria mazoezi. Dalili yake ni kuchoka, kuhema na moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo, na mara nyingi nyumbani huitwa uvivu. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vimezwe kweli, visirundikane kabatini. Mchicha, matembele, maharage na dagaa viwepo mezani, dawa ya kuzuia malaria inywewe kama ilivyopangwa, na chandarua kitumike kila usiku. Udongo ule unaouzwa sokoni kwa wajawazito hauongezi damu hata tone moja.

Mama akiwa katikati ya zoezi, au hata ya kazi, akatokwa na damu au maji ukeni, akasikia maumivu ya kifua, kichwa kikauma sana au macho yakaona ukungu, tumbo likaanza kukaza na kuachia kwa mpangilio, au ugoko wa mguu mmoja nyuma ukavimba na kuuma, aache papo hapo na aende hospitali. Vivyo hivyo kama mtoto amepunguza kucheza. Asingoje mume arudi kazini kutoa ruhusa. Fedha ya nauli na namba ya simu ya dereva anayeaminika ziwekwe mapema, na kila mtu wa nyumbani ajue zilipo.

Neno kwa akina baba, waajiri na jumuiya

Baba mpendwa, kama umesoma mpaka hapa, yale maji ni yako. Jaza pipa usiku au alfajiri kabla hujatoka. Wapo wanaoona aibu kuonekana na ndoo, eti majirani watasema amepewa limbwata. Waache waseme. Kisha jioni utembee naye ile Rozari. Mjamzito anayetembea na mwenzake hutembea kwa usalama zaidi na haachi baada ya siku mbili.

Injili ya Mtakatifu Luka inatueleza kwamba Bikira Maria alikwenda kwa haraka mpaka nchi ya milima kwa Elizabeti, akakaa naye kama miezi mitatu. Mahubiri mengi husisitiza ile salamu, na ni sawa. Sisi wa ukurasa wa afya tunapenda kuongeza kwamba Elizabeti alikuwa na mimba ya miezi sita na umri mkubwa, na kwa ujio huo alipata msaidizi nyumbani katika miezi ile mizito. WAWATA na jumuiya wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa zamu, hasa kwa mama asiye na mume karibu. Ndoo mbili kwa siku kutoka nyumba sita ni mzigo mdogo kwa kila nyumba.

Walioajiriwa, hasa viwandani huko Chang'ombe na kandokando ya Barabara ya Nyerere, wajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto wake, na inakataza kumfanyisha kazi usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya tarehe ya kujifungua. Dada anayesimama kutwa aombe kiti, na barua ya daktari humsaidia kukipata.

Wakati wa Kwaresima tunawaona wengine wakifunga na huku wakifuata Njia ya Msalaba juani. Kanisa halimdai mama mjamzito mfungo wa chakula; anayo sadaka yake tayari. Akipenda kushiriki hija ya Pugu, ale kwanza, achukue maji, na sehemu ya mwendo mrefu apande gari bila kujiona amepungukiwa na imani.

Baada ya kujifungua, watu wengi kwetu humfungia mama ndani siku arobaini akiwa amelala tu. Mapumziko ni haki yake, ila kulala bila kutembea kabisa huweza kugandisha damu miguuni. Aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida anaweza kuanza kuzungusha vifundo vya miguu, kukaza ile misuli ya chini na kutembea ndani ya nyumba tangu siku za mwanzo. Aliyepasuliwa naye huinuliwa kitandani mapema na wauguzi, lakini mazoezi ya tumbo na kuinua vitu vizito asubiri mpaka aonwe kliniki katika wiki ya 6 na kidonda kithibitishwe kwamba kimepona. Na ndoo ya lita 20, kwa wote wawili, ibaki kwa baba mpaka arobaini ipite.